Shilingi 8,000 kwa watu sita, na binti ana upungufu wa damu

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Igoma hapa Mwanza. Mume wangu ni bodaboda, ananiachia 8,000 kwa siku, siku ikiwa mbaya 5,000. Asubuhi tunakunywa chai na maandazi, mchana ugali au wali kidogo, jioni ugali tena. Nikijumlisha: maandazi na sukari 2,000, unga 2,500, mkaa 1,500, mafuta ya kupima 700, na ile 1,300 inayobaki ndiyo nyanya, kitunguu, mboga na kitoweo. Binti yangu wa miaka 13 amepimwa, damu ni kidogo, nikaambiwa nimpe maini na matunda. Majirani wanasema bitiruti na rozela. Maini siyawezi. Ninaowaweza ni dagaa, lakini watoto wanawakataa, wanasema wana mchanga na uchungu. Mdogo ana mwaka na miezi miwili, bado ananyonya na anakunywa uji wa lishe, ule unga wa mchanganyiko wa vitu kumi na kitu. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, asante kwa kuandika hesabu yote. Wengi huniandikia "hela haitoshi" wakaishia hapo, nami nabaki nabahatisha.

Sitakudanganya. Shilingi 8,000 kwa watu sita ni ndogo, na hakuna ujanja wa jikoni wa kuigeuza ikawa 15,000. Lakini hebu itazame hesabu yako kwa jicho la mtu mwingine. Maandazi na sukari vinachukua 2,000 peke yake. Nyanya, kitunguu, mboga na kitoweo, vyote kwa pamoja, vinagombania 1,300. Kile kinachomjenga mtoto kimepewa kidogo kuliko kile kinachomzuia asilie njaa mpaka saa nne. Kama utashika jambo moja tu katika maelezo yangu, shika hili: punguza pesa ya asubuhi, ipeleke kwenye sufuria ya mboga. Mengine yote ni namna ya kulifanya hilo liwezekane.

Lakini tuanze na binti, maana ndiye aliyekufanya uandike.

Miaka 13 ni umri wa kurefuka, na kama ameshavunja ungo, kila mwezi damu inamtoka na madini ya chuma yanatoka nayo. Chakula kina kazi yake hapo. Ila huku kwetu ziwani upungufu wa damu mara nyingi una zaidi ya chanzo kimoja. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu. Minyoo ya safura hukaa utumbani ikanyonya damu. Kichocho, ugonjwa ambao ukanda huu wa ziwa unaujua vizuri mno, humtoa mtu damu kidogo kidogo kwa choo au kwa mkojo bila yeye kuona. Kwa hiyo rudi kituoni uulize: alipimwa malaria? Choo na mkojo vilipimwa? Hasa kama watoto huwa wanakwenda kuoga au kuteka maji ziwani, litaje hilo bila kuulizwa. Ukimlisha vizuri huku safura inakula naye sahani moja, utalaumu chakula bure.

Kama amepewa vidonge vya kuongeza damu, ameze kama alivyoelekezwa mpaka vimalizike, hata akijisikia amepona katikati. Choo kikiwa cheusi asishtuke, ni vile vidonge. Asimeze kwa chai wala kwa maziwa. Maji yanatosha, au juisi ya chungwa au ndimu ikiwepo.

Kuhusu bitiruti: rangi nyekundu haiwi damu kwa sababu ni nyekundu. Bitiruti ni mboga nzuri tu kama zilivyo nyingine, lakini chuma iliyomo ni kidogo. Rozela ina uchachu wake mzuri, ila ikishajazwa sukari kikombe kizima inakuwa soda uliyopika mwenyewe. Wanaochanganya soda na maziwa, au soda na nyanya ya kopo, wakidai inaongeza damu, wasikuchukulie hata mia mbili yako. Maini, kwa upande mwingine, hukudanganywa: yana chuma nyingi na mwili unaifyonza upesi. Si lazima yawe kilo. Robo kilo ikikatwa vipande vidogo, ikapikwa na kitunguu na nyanya nyingi, inazunguka watu sita, na binti akapata kijiko cha ziada. Siku mumeo akirudi na pesa nono, fanya hivyo. Siku nyingine zote una dagaa, na hapa nitakaa kidogo.

Dagaa wa ziwa letu analiwa mzima, na hapo ndipo anapompita hata sangara. Minofu ya sangara inakupa protini. Dagaa anakupa protini, kalsiamu ya mifupa yake, chuma, zinki, na vitamini B12 ambayo huipati kwenye mchicha hata ule shamba zima. Na kwa kuwa amekaushwa, maji yametoka, ukinunua gramu 100 za dagaa mkavu umenunua protini nyingi kuliko gramu 100 za nyama mbichi. Nasikia watu wakimwita chakula cha kuku au chakula cha shida. Kuku wana bahati.

Wanao wana haki kuhusu mchanga, lakini mchanga ni wa mahali alipoanikwa, si wa dagaa mwenyewe. Kuna dagaa wa kuanikwa chini ufukweni, na kuna wale wa kwenye vichanja, yaani nyavu zilizoinuliwa juu ya miti. Wa kichanja bei yao iko juu kidogo. Lakini fikiri: dagaa wengi tunapimiwa kwa kisado au kopo, na mchanga nao unajaza kopo. Kisha kuna muda wako, maji yako, na nusu sahani inayorudi kwa sababu mtoto ameuma chenga. Mimi ningenunua wa kichanja wachache kuliko wa mchanga wengi.

Unaponunua, angalia rangi. Dagaa mzuri bado anang'aa kifedha, ni mkavu wa kuvunjika, na harufu yake ni ya samaki tu. Akiwa ameanza kuwa wa njano au kahawia, na ukimnusa anakukwaruza kooni, mafuta yake yamechacha. Huo ndio uchungu ambao watoto wanausema, pamoja na ule wa tumboni mwake. Msimu wa mvua wengi huwa hivyo kwa sababu jua halikutosha kuwakausha.

Na angalia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa ndiyo inayowakusanya. Mbalamwezi ikiwa kali taa haifui dafu, wavuvi wengi wanakaa nchi kavu, na bei sokoni inapanda. Wakati wa giza wanavuliwa kwa wingi na bei inashuka. Kwa hiyo usinunue dagaa wa mia tano kila siku gengeni. Ungana na majirani watatu au wanne, kila mmoja adunduize mia mbili mia tatu, mmoja wenu apande daladala mpaka soko la Mwaloni, Kirumba, katika siku za giza, alete mzigo mgawane. Nauli mnachangia. Dagaa mkavu kweli kweli akiwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali pasipo na unyevu, anakaa wiki kadhaa bila wasiwasi. Mtoe juani mara moja moja. Tena hao wa akiba ndio watakaokuokoa siku ya 5,000.

Kuwasafisha: wamwage kwenye ungo, sugua taratibu kwa viganja, pepeta. Watoe vichwa na matumbo wale wakubwa kama watoto wanalalamikia uchungu. Wadogo waache walivyo. Kisha wakaange kavu kwenye sufuria bila mafuta, moto mdogo, dakika chache tu mpaka wakakamae. Wamwagie maji ya uvuguvugu kwenye beseni, wakoroge, halafu wachote kwa mikono kutoka juu. Usiyamwage maji pamoja nao, maana mchanga umeshatulia chini nawe unaurudisha. Badili maji, rudia mpaka chini ya beseni pawe safi. Hapo ndipo unakaanga kitunguu, nyanya, nyanya chungu mbili tatu, unawatia dagaa, na mwisho vijiko viwili vya karanga zilizosagwa zikiwa zimekorogwa na maji. Kamua ndimu ukishaipua. Ndimu si ya ladha tu: vitamini C yake inausaidia mwili kufyonza chuma ya mboga na ya maharage.

Yule anayekataa kabisa kuona macho ya dagaa, twanga wale waliokaangwa kavu na kuoshwa na kukaushwa tena, chekecha, weka kwenye chupa yenye mfuniko. Vijiko viwili ndani ya mchicha wa karanga au mchuzi wa maharage hakuna atakayeviona. Twanga kidogo kidogo, kwa siku chache, kwa sababu ukishakuwa unga huchacha upesi.

Hapo hapo niseme la chai. Chai, ya rangi au ya maziwa, ikinywewa pamoja na chakula inazuia chuma ya mboga na nafaka isifyonzwe. Kwa binti yako hili ni kubwa kuliko bitiruti zote za Mwanza. Anywe chai lisaa limoja au zaidi baada ya kula, au aiache kwa sasa.

Ukichoka dagaa, kuna vichwa vya sangara na mapanki, yale mabaki baada ya viwanda kutoa minofu ya kusafirisha nje. Nyama ya shavuni na shingoni ni nyingi kuliko unavyodhani. Nunua yasiyonuka, chemsha na ndimu, tangawizi na nyanya, mnywe mchuzi wake. Yale yaliyokaangwa barabarani kwenye mafuta meusi ya tangu juzi yaache.

Sasa asubuhi. Maandazi ni unga mweupe, sukari na mafuta. Yanashibisha kwa muda mfupi na hayaachi kitu. Badala yake chemsha viazi vitamu au mihogo jioni kwenye moto uliopikia ugali, asubuhi unapasha tu. Ukipata viazi lishe vile vya ndani rangi ya chungwa, chukua hivyo kwanza, kwa kuwa vina vitamini A ambayo vile vyeupe havina. Tuna bahati kwamba kituo cha utafiti cha Ukiriguru, hapo Misungwi tu, hushughulika na viazi na mihogo, hivyo ukisikia mbegu zinagawiwa usizione za wakulima wakubwa peke yao. Msimu wa viazi ukipita kuna michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa. Bibi zetu wa Kisukuma walianika viazi kwa sababu walijua kiangazi kinakuja, na sijui ni lini tuliamua kuwa matobolwa ni ya kijijini na andazi ndilo la mjini. Matobolwa kwa karanga za kukaanga ni kifungua kinywa kamili.

Siku nyingine pika uji wa dona au ulezi, utie karanga zilizosagwa unapokaribia kuiva, na ndimu au ukwaju badala ya nusu ya sukari uliyozoea. Sikuambii uifute sukari kwa siku moja, utazua vita ndani ya nyumba. Punguza kijiko kila wiki. Ukifanikiwa kufanya asubuhi iwe 1,000 badala ya 2,000, ile 1,300 ya mboga inakuwa 2,300, na hapo tayari unapika chakula kingine kabisa.

Unga wako ni 2,500, nadhani ni sembe ya pakiti. Sembe imekobolewa, pumba na kiini vimeenda kwa mifugo, na ndimo vilimo vitamini B, chuma, zinki na makapi mlo yanayoshibisha. Nunua mahindi kwa kisado, hasa baada ya mavuno, upeleke mashineni yasagwe dona. Watoto wakilalamikia rangi, changanya nusu kwa nusu kwa wiki za mwanzo. Sharti moja tu: chagua mahindi kabla ya kusaga. Punje zenye ukungu, zilizooza au zilizobadilika rangi zitupe, usimpe hata kuku. Zina sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Hali kadhalika udaga, yaani mihogo iliyovundikwa ikakaushwa, wenye madoa meusi. Ugali wa udaga ni halali yetu, lakini peke yake protini yake ni ndogo sana. Changanya na dona au mtama, na usiupike siku ambayo kitoweo ni chumvi na nyanya.

Mkaa wa 1,500 unanisumbua. Umezidi hata ile 1,300 ya mboga na kitoweo chako chote. Maharage ndiyo wala mkaa wakubwa, kwa hiyo yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, pika ukiwa umefunika. Magadi yanayalainisha haraka lakini yanaua vitamini B1, na maharage yaliyolowekwa vizuri hayayahitaji. Katikati ya wiki tumia choroko. Hizi hulimwa hapa hapa Kwimba, Misungwi na Magu, haziombi kulowekwa na huiva kwa moto mdogo. Dengu nazo ni za kwetu, ila ziloweke. Tena tengeneza kapu: tenga au boksi kubwa, lijaze nguo kuukuu au pumba za mpunga ndani ya mfuko, acha shimo la kukaa sufuria. Maharage yakichemka kama nusu saa, yatoe motoni na mfuniko wake, yazike humo, funika kwa mto, nenda kafanye shughuli zako. Yanaendelea kuiva kwa joto lake. Ukirudi yachemshe tena yatokote ndipo uunge. Kwa kuwa huna friji, pika ya mchana na jioni tu, yasilale kwenye joto hili letu.

Mboga za majani sitazieleza sana, unazijua: mchicha, matembele, majani ya kunde, mgagani, mlenda, na nsansa, zile mboga za majani zilizokaushwa, wakati wa kiangazi. Osha kabla ya kukata, pika dakika chache, usimwage maji yake. Kisamvu peke yake ndicho kinachotaka kutwangwa na kuchemshwa sana mpaka kiive kabisa. Na kama huna kiwanja, gunia moja la udongo na samadi mlangoni, likachomekwa vipande vya mashina ya matembele, linamwagiliwa maji ya kuoshea mboga na baada ya wiki chache unachuma. Mashina hayo unaweza kuyaomba tu kwa jirani. Matunda chukua ya msimu, fungu la jioni muuzaji anapotaka kurudi nyumbani: papai, pera, chungwa, embe likifika.

Siku ya 5,000, cha kwanza kukata ni maandazi, cha pili sukari, cha tatu mafuta. Dona, dagaa wa akiba, matembele ya gunia na ndimu: huo ni mlo ambao mimi kama afisa lishe sina la kuutoa kasoro.

Nisamehe kwa hili linalofuata, lakini nimeliona kwenye nyumba nyingi. Mboga ikiwa kidogo, baba anakatiwa kipande kikubwa, wavulana wanawahi sinia, binti aliyepika na mama wanafuta mchuzi. Halafu huyo huyo binti ndiye anayepimwa akakutwa hana damu. Mpakulie sahani yake kabla sinia haijatua chini. Na mdogo naye awe na bakuli lake. Kwenye sinia la kaka zake hana mbio.

Nimalizie na uji wake. Ule unga wa vitu kumi na kitu hauna ajabu unayoilipia. Kila kitu kinaiva kwa wakati wake: soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa inazuia protini isisagike tumboni, na karanga zikikaa ndani ya unga huchacha au kushika ukungu. Mtoto akiharisha huwezi kujua kilichomdhuru ni kipi. Umalize au umpe mtu, kisha pika uji wa nafaka moja, ulezi au dona, uwe mzito wa kutoteleza kwenye kijiko, na karanga mbichi uzisage mwenyewe na kuzitia sufuriani zichemke. Kwa umri wake, hata hivyo, uji usiwe ndiyo chakula. Endelea kumnyonyesha mpaka atimize miaka miwili, na kila siku mpe mara tatu au nne chakula chenu wenyewe kilichopondwa: ugali laini au kiazi lishe, mboga iliyokatwa ndogo sana, kijiko cha unga wa dagaa, na tone la mafuta, mawese yakipatikana. Siku ya kliniki yake nenda na dada yake mkubwa pia, damu ipimwe tena baada ya kama mwezi wa vidonge, na uniandikie namba zote mbili.